Ufunguo Ndani ya Bati la Biskuti

Ufunguo uko kwangu, ndani ya bati la biskuti,
juu ya kabati la vyombo, nyuma ya buli lililopasuka.
Mzito kama mkono wa mtoto aliyelala.
Mchungaji hautaki; anasema unamtoboa mfuko.
Basi anayetaka kuliona jumba la kaburi la akina Thornhaugh
hunigongea mimi, Hesper Unthank, mlango wa kijani mkabala na kanisa,
nami huvaa viatu vya mvua, tukaenda.

Kwanza uzunguke nje. Usiukimbilie mlango.
Msanifu alitoka Newcastle, Bwana Lascelles Orde,
kijana aliyesoma vitabu vingi kuliko mvua zilizomnyeshea.
Nguzo nne akazitoa Ugiriki,
mlango, ule unaosinyaa kadiri unavyopanda, akauazima Misri,
dirisha lenye ncha akaliiga papo hapo kanisani,
na juu ya yote akalivika kuba lililoezekwa risasi,
kama mtu aliyevaa kofia tatu kwa kuogopa baridi.
Mwaka 1861. Ukilitazama kutoka barabarani
utadhani benki imepotea njia.

Gusa hapa. Jiwe la mchanga, limeota ukungu wa kijani.
Farasi kumi na wanne waliyavuta mawe haya kutoka machimbo ya Corbfell;
wawili hawakurudi.
Chini ya ukingo, pale maji yanapodondokea,
kuna alama ndogo: mishale miwili iliyopishana.
Ni ya Jabez Tulley, mwashi.
Kila jiwe alilolikata alilitia mishale yake, apate kulipwa kwa hesabu.
Alianguka jukwaani mwezi wa Novemba, kuba likiwa nusu.
Yuko upande wa kaskazini, jua lisikofika,
chini ya nyasi tupu.
Mkono uliochonga mashada mia ya maua
haukubakiziwa hata kokoto.

Sasa ingia.
Geuza kushoto, si kulia. Sukuma kwa bega.
Dari ni la buluu, lina nyota za dhahabu;
zinabanduka. Nyingine nimezifagia
nikazitia kwenye bahasha, sijui kwa nini.
Popo wanakaa pale pembeni. Sheria inawalinda
kuliko ilivyowahi kumlinda Jabez.

Na ukutani, tazama: vidaka kumi na viwili,
kila kimoja kirefu cha kutosha jeneza la mtu mzima.
Lodi Septimus aliuhesabu ukoo wake
kama mtu anayehesabu vifaranga ndani ya mayai.
Cha kwanza, yeye. Cha pili, Lavinia mkewe, aliyeogopa giza;
ndiyo sababu ya dirisha lile.
Cha tatu, mtoto wa wiki sita,
na nafasi iliyobaki kandoni mwake
ndiyo inayonisumbua usiku, si jeneza.
Cha nne. Cha tano.
Kisha vumbi.
Wajukuu wawili walibaki kwenye matope ya Ufaransa,
shamba likauzwa, jumba likawa hoteli,
hoteli ikaungua, sasa watu huegesha magari.

Wa mwisho nilimjua. Bibi Rosamund
alinunua mayai kwangu, akilipa kwa sarafu ndogondogo.
Alipolala kitandani asiinuke tena, aliuomba ufunguo.
Akaupima kiganjani, akacheka hadi kikohozi kikamkaba:
"Vidaka saba vitupu, Hesper, na mifupa yangu inachukia baridi.
Nipelekeni kaskazini, penye watu."

Tukampeleka.
Mchimbaji aliapa kwamba koleo lake liligonga chuma,
chembamba, pengine patasi.
Akakifukia tena bila kukitazama vizuri.

Twende, mvua inarudi. Angalia ngazi:
Orde alijenga tatu, mbili zimeshazama.
Na ile mashine ya kukatia nyasi, kwenye kidaka cha sita, ni yangu.
Humu ni pakavu.
Usimwambie mchungaji.